Pini za Fundi wa Mabatini

Fundi cherehani wa pale Mabatini huongea pini zikiwa midomoni. "Mzee, utazimeza hizo," wateja humtania, naye hukanyaga pedeli na kusimulia hadithi ile ile ya Bibi Juwairiya, binti wa kabila lililotekwa vitani. Mtume alipomwoa, masahaba waliona haya kuwashika mateka wakwe zake, wakawaachia huru watu wake. "Ndoa moja tu, uadui kwisha," husema, kisha hulamba uzi.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, ndugu zake waligombana na mwenyekiti wa kijiji kipya juu ya mashamba. Fundi akaona dawa ni kumwoza binti yake Zaituni kwa kijana wa mwenyekiti. Gauni la harusi akalishona mwenyewe, hadithi ikiwa mdomoni pamoja na pini. Zaituni alikuwa kando anapiga pasi ya mkaa. Akasema bila kuinua macho, "Baba, huyo Bibi Juwairiya aliulizwa?"

"Aliulizwa, akaridhia."

"Haya," akasema, akaendelea na pasi yake.

Pedeli ikasimama. Fundi akazitoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliona.

"Weka pasi chini, mama," akasema. "Nakuuliza."