Ng'ombe Aliyelia Wakati wa Sala

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua mlango wa darasa la kompyuta pale Kamunyonge, nilikuwa nimeshafundisha somo lote mara mbili kichwani. Mara ya kwanza lilikwenda vizuri. Mara ya pili umeme ulikatika, mwanafunzi akauliza swali nisilolijua, na mwenye kituo akanifukuza mbele ya watu. Ndipo nilipoingiza ufunguo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Waliotutangulia walimaliza masomo wakakuta barua za kupangiwa kazi zinawasubiri. Sisi tuliambiwa mambo yamebadilika, tutafute wenyewe. Nikarudi nyumbani Musoma na shahada ya jiografia kwenye bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Cheti ndicho kilichonilisha. Mwenye kituo alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipopunguza watu alichukua kiinua mgongo chake akanunua kompyuta nne. Wenzake walinunua ng'ombe. Walikuwa wakipita mlangoni wanamtania: "Vipi mzee, televisheni zako zimeanza kuonyesha mpira?"

Somo lililojaza viti lilikuwa la slaidi. Miradi ya wafadhili ilikuwa imeingia mkoani, na kila mradi ulikuja na projekta yake, na mtu asiyejua kusimama mbele ya projekta alianza kuonekana wa zamani. Wanafunzi wangu walishajua kuandika maneno kwenye slaidi. Kwangu walikuja kujifunza kuyafanya yatembee: neno liingie kutoka kushoto, picha itokee baada ya picha, sauti ilie mahali pake. Karani mmoja wa mahakama alifurahi mno. Alifanya kila herufi ya jina lake iingie peke yake na mlio wa taipureta. Tulikaa tukisubiri jina la mtu limalizike kama tunasubiri maji yachemke.

Kiti cha mwisho, karibu na dirisha, alikaa bwana mifugo kutoka Bunda. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, lakini wafugaji walimwita bwana mifugo kwa kuwa hicho ndicho cheo, na mwenyewe aliitika. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba mwalimu," kwa heshima iliyonitisha. Nilifikiria jibu hilo nyumbani jioni nzima. Nilijiuliza kama ananiheshimu kweli au ananikumbusha kwamba mimi ni mtoto.

Jumamosi ya pili alibaki wenzake walipotoka, akaniambia kilichomleta.

"Ofisi inapunguza watu. Sisi mabwana mifugo tunabaki nusu. Kila mmoja wetu anapewa kijiji kimoja, anakwenda kuongea na wafugaji kuhusu josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, na hiyo mashine inaonyesha nyuma yake. Mkuu wa mradi anakaa mbele, anaandika. Baada ya hapo orodha inatoka."

"Wewe umepewa wapi, mama?"

"Butiama. Kwa wazee." Akacheka kidogo. "Kazi ya ng'ombe nilikuwaga naifanya hata gizani. Lakini hii panya yako inanikimbia."

Ilikuwa kweli. Kipanya kilimshinda. Mkono wake ulikuwa na nguvu ya kumshika ndama asichomoke, na kila aliposogeza mshale kwenye kioo uliruka mpaka pembeni. Alipotakiwa kubonyeza mara moja alibonyeza mara mbili, slaidi zikapita mbili. Siku moja aliniuliza, "Kwani wewe usikae tu hapo kwenye mashine, mimi nikakuambia 'lete', ukaleta?"

Nilimkatalia. Nilimweleza kwamba mkuu wa mradi ataona hawezi. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa kukaa mbele ya watu wote wale na kubonyeza vibaya.

Utotoni mwangu, miaka ile ya foleni, mama yangu mzazi alinisimamisha dukani Mwisenge kusubiri sabuni, akaniambia nisitoke kwenye mstari hata nyumba ikiungua. Nilitoka mara moja tu, kwenda kujisaidia. Niliporudi mahali pangu palikuwa pameshafunikwa na watu wazima, na sabuni ikaisha. Hakunipiga. Alifua kwa majani ya mpapai, na mimi tangu hapo naamini jambo lolote lisilopangwa mapema litaharibika, na litaharibikia mikononi mwangu.

Kwa hiyo nilipata ufumbuzi ulionifurahisha. Programu ile inaweza kujiendesha. Unafanya mazoezi mara moja, unasema maneno yako, yenyewe inahesabu sekunde ulizotumia kwenye kila slaidi na kuzikumbuka. Siku ya siku unaianzisha, kisha slaidi zinakufuata bila mtu kugusa kitu.

Mama bwana mifugo alitengeneza slaidi saba, na lazima niseme zilikuwa nzuri kuliko zangu. Ya kwanza ilisema *Tufufue Josho Letu*. Ya pili aliingia ng'ombe kutoka kushoto, anatembea, analia. Mlio ule haukuwa wa kwenye kompyuta. Mama aliurekodi nyumbani kwake Bunda kwa redio ya kaseti, akaja nayo kituoni ndani ya kikapu, tukaiunganisha na kompyuta kwa waya.

"Huyo ni wangu mwenyewe," alisema. "Anaitika hivyo akiniona nimebeba chumvi."

Slaidi ya tatu kupe walimdondokea ng'ombe yule mmoja baada ya mwingine. Ya nne alikuwa amelala chini. Ya tano ilikuwa picha ya josho la zamani limeota majani, na ya sita ng'ombe wanapita kwenye josho linalofanya kazi, maji yanaruka. Ya mwisho iliandikwa *Asanteni kwa Kunisikiliza*. Nilimwambia maneno yote yaingie kwa njia moja, yasiruke ovyo, kwa sababu mtazamaji akishangaa herufi hatamsikia msemaji. Alielewa upesi kuliko karani. "Ng'ombe ndiye atembee," alisema. "Maneno yakae kwenye zizi."

Tukafanya mazoezi. Alisimama karibu na dirisha, akavuta pumzi, akaanza: "Josho letu limekufa." Alieleza vizuri, na kompyuta ikahesabu. Dakika sita na kidogo. Tukapakia kila kitu, pamoja na faili la mlio wa ng'ombe, kwenye kompyuta ya mradi aliyokuja nayo, ile ndogo ya kukunja. Nilikagua mara nne kwamba sauti ipo. Aliniomba nimsindikize Butiama kuunganisha waya, nikakubali, kisha sikulala vizuri siku tatu.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa kanisa. Tulining'iniza mablanketi madirishani kupunguza mwanga, jenereta ya mradi ikawashwa nje, na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Wazee walikuja na fimbo zao, akina mama wakakaa upande wa pili na vitenge vyao, na mkuu wa mradi, mwanamume wa makamo mwenye shati la mikono mifupi, akakaa benchi la mbele na daftari gotini. Waya zilishika. Picha ilikaa sawa. Sikuwa na la kuhofia, na hilo likanitia hofu.

Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Karibu bwana mifugo." Mama akasimama mbele ya shuka, mgongo kwa picha, mkononi ameshika fimbo yake ya kuchungia. Mimi, kama tulivyopanga, nikabonyeza.

Mama hakusema "Josho letu limekufa." Alisalimia.

Hilo sikuwa nimelifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu. Darasani hapakuwa na wazee. Hapa hakuna mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo wa wafugaji anayeweza kusimama mbele ya wazee wa watu akaanza na josho. Alianza na wazee wa benchi la kwanza, kwa lugha ya nyumbani, akainama kidogo. Akahamia wa pili. Akawasalimu akina mama. Akasema yeye ni binti wa wapi na mke wa wapi, na mzee mmoja akauliza baba mkwe wake anaendeleaje, akamjibu. Kisha mwenyekiti akakumbuka, "Jamani, hatujaomba." Wote wakasimama, wakafumba macho. Mzee wa kanisa akaanza sala.

Nyuma ya mama ng'ombe akaingia kutoka kushoto, akalia.

Alilia kwa nguvu, maana spika niliziweka juu makusudi ili wa nyuma wasikie. Mzee wa kanisa alisita, akaendelea. Watoto mlangoni waliachia kicheko. Nilijua kitufe cha kusimamisha kilipo, kidole kilikuwa juu yake, na bado sikukibonyeza. Nilijiuliza kama nikisimamisha kioo kitakuwa cheusi na mkuu ataandika kwamba mashine imemshinda. Nilijiuliza kama kuna njia ya kurudi nyuma bila mlio kurudia. Nilipokuwa najiuliza, kupe walidondoka wote, ng'ombe akafa, josho likaota majani, likapona, na sala ile ndefu ilipofika "Amina" na watu wakafumbua macho, ukutani kulikuwa na maandishi makubwa: *Asanteni kwa Kunisikiliza*.

Kicheko kilianzia kwa akina mama kikavuka mpaka kwa wazee. Mkuu wa mradi aliandika kitu. Mama alifikiri bado wanacheka ule mlio, nikaona uso wake ukibadilika, kisha akageuka akasoma.

Alinitazama. Nilitamani kupita chini ya benchi.

"Mwalimu," alisema, sauti ya kawaida kabisa, "kumbe nimeshamaliza?"

Watu wakacheka tena. Kwenye benchi la kwanza mzee mmoja mfupi aliinua fimbo yake kuomba neno. "Mimi sijaona picha, nilikuwa nimefumba macho kama Mkristo. Lakini nimesikia. Yule ng'ombe haumwi. Anadai chumvi."

Mama akamtazama. "Umemjuaje, mzee?"

"Wangu anasemaga hivyo hivyo."

"Basi huyo ni wa kwangu. Nilimrekodi nikiwa na chumvi mkononi."

"Ahaa!" Mzee akawageukia wenzake. "Huyu ana ng'ombe kweli. Wale waliokuja mwaka jana walituonyesha ng'ombe wa Ulaya, tena bubu. Haya, mama, turudishie mnyama wako tumwone na macho."

Mama alikuja mpaka kwenye meza yangu, akainama. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. "Utalia nyumbani. Hii mashine inaweza kusubiri mtu?"

"Inaweza." Ilikuwa alama moja tu ya kuondoa, ili isifuate sekunde. Niliiondoa.

"Basi nikigonga fimbo chini mara moja, leta. Nisipogonga, tulia."

Akarudi mbele. Akagonga. Nikabonyeza, ng'ombe akaingia, akalia, na ukumbi mzima ukamwitikia. Hakugonga tena kwa muda mrefu. Aliwauliza wanamkadiria ng'ombe huyu ana miaka mingapi, wakabishana. Akagonga, kupe wakaanza kudondoka, akawauliza kila mmoja wapi anawaona kwanza, masikioni au chini ya mkia. Kwenye picha ya josho lililoota majani aliwaacha waitazame. Zamani serikali ilileta dawa, alisema, sasa haileti, na kupe hajapata hiyo habari. Dakika zetu sita zilikuwa saa nzima na zaidi. Mimi sikuwa na nafasi ya kuwaza, kwa sababu nilikuwa nasikiliza sakafu.

Mwishowe wazee walichagua watu watano wa kusimamia josho palepale. Mkuu wa mradi alifunga daftari akaondoka bila kutuambia kitu. Njia nzima kurudi Musoma niliyapanga maneno ya kumwambia mama siku orodha ikitoka bila jina lake.

Wiki tatu zilipita bila yeye kuja darasani, na mimi niliamini nimempotezea kazi. Nilifikia kuandika barua kwa mkuu wa mradi kueleza kwamba kosa la sekunde lilikuwa langu. Niliiandika mara tano na sikuituma, nikiogopa kwamba labda hakuliona kosa na mimi ndiye nitamwonyesha.

Jumamosi ya nne alikuwa ameshakaa kiti chake cha dirishani nilipofika. Mwenye kituo alimfungulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nimebaki."

Alinipa karatasi ya ofisi yake. Jina lilikuwepo, na chini yake mkuu alikuwa ameongeza kwa kalamu: *anawajua wafugaji, ajifunze kuendesha mashine mwenyewe*.

"Umesoma hapo mwisho?" aliuliza. "Nina vijiji kumi na vinne, na wewe huwezi kunifuata vyote kunisikilizia fimbo." Akakivuta kipanya karibu, akaweka mkono wake mzito juu yake taratibu, kama mtu anayempapasa ndama asiyemzoea. "Leo usinipangie sekunde. Nifundishe kubonyeza mara moja."

Sikuwa nimeandaa somo hilo. Nilivuta kiti nikakaa naye, tukaanza.