Asili ya "goodbye", na siku Baba alipokataa kumuaga ndugu yangu

Wakuu, mulembe kutoka Kakamega.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza huku Shianda. Neno goodbye mnalijua: tunalisema tukikata simu, tukihama kazi, hata tukizika.

Asili yake ni sala. Zamani Waingereza waliagana kwa kusema "God be with ye", Mungu awe nanyi. Likafupishwa, likafupishwa tena, na ile God ikageuka good kwa kufuata good day na good evening. Leo hata asiyeamini Mungu anaombea watu bila kujua.

Nilikuwa nafundisha hayo kama kitu cha mtihani tu.

Sasa, mdogo wangu Wycliffe alipata kazi ya ulinzi Qatar. Baba hakutaka. Alitaka abaki na shamba la miwa, maana mimi wa chaki nilishamponyoka. Wakaacha kuongea, na wote wawili ni vichwa vigumu.

Kwetu mtu wa safari ndefu haondoki hivi hivi. Mwenye boma anamwombea kwa Nyasaye, yaani Mungu, kisha anamsindikiza hadi barabarani. Akiwa hai, hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo, hata Mama. Usiposindikizwa, umeondoka kama aliyefukuzwa.

Siku yenyewe ikafika. Baba akaamkia shambani kupalilia. Teksi ikaja, dereva akaanza kupiga honi.

Mama aliniambia nimwombee mimi. Nikakataa, ningekuwa nimemzika mzee akingali hai.

Wycliffe akaketi juu ya sanduku lake.

"Ndege iende," alisema. "Siwezi toka hapa kama mwizi."

Mama akajifunga leso vizuri, akaenda shambani kumwambia Baba.

Baada ya muda nikamwona mzee akitoka kwenye miwa, jembe begani, uso umekunjwa vilevile. Hakusalimia mtu. Alinipa jembe, akabeba sanduku mwenyewe, akatangulia. Tulipofika barabarani akaweka mkono kichwani mwa Wycliffe.

"Bado sijapenda hii safari," alisema. "Lakini Nyasaye awe na wewe. Enda."

Wakuu, miaka yote nimefundisha neno hilo, na siku hiyo ndiyo nililisikia. Nililia nikiwa nimeshika jembe la watu.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Wycliffe hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Nilimpigia simu nikijua atavunjika.

Akasema, "Alinibebea sanduku, bro. Mimi nilisindikizwa."

Nilichojifunza: unaweza kukosana na mtu na bado ukamwombea njia. Hasira itakungoja hapo nyumbani, msafiri hangoji.

Kwenu mnaagana vipi? Na kama kuna aliyeondoka bila kuagwa, aseme pia. Hapa tutamsikiliza.