Ng'ombe Saba wa Mukarukundo

Mukarukundo, muuza maziwa wa Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi, hapendi kuonewa huruma. Siku alipofika Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, kutoka Kivu ya Kusini aliambiwa pole mara nyingi mno, mpaka akaomba apewe kwanza kiti.

Basi alipoandika kisa cha ng'ombe wake saba walioporwa na watu wenye bunduki, hakuandika kilio. Aliwasifu kwa majina, mmoja mmoja, kwa majigambo ya wachungaji wa kwao wanaponywesha mifugo. Huyu pembe zake ziliwakosesha majirani usingizi. Yule alimpiga teke pasta na hakuomba msamaha. Jirani yake Eugénie aliposomewa alicheka, kisha akajifuta macho kwa kitenge.

Mjini Mbarara kulikuwa na kitabu cha visa vya wakimbizi kikitayarishwa. Mhariri wake, Mbabazi, alikipenda kisa, ila alimwita ofisini akamrudishia kikiwa kimeandikwa upya: majigambo yameng'olewa, kila mstari "ole wangu". Kisa kilimliza, alieleza, kwa hiyo na msimuliaji lazima alie. Asipokubali hakitaingia, na karatasi zinakwenda kwa mpiga chapa kesho.

Mukarukundo alikasirika. Kitabu alikitaka kwelikweli, maana hakuna mahali pengine duniani ambapo majina yale saba yangebaki. Lakini kulishwa maneno hakukubali. Alizisukuma karatasi zikarudi kwa Mbabazi, upande wa pili wa meza.

"Mwalimu, ni wewe ulilia, mimi sikulia," alisema. "Sauti ya kusema ni yangu. Huzuni inabakia kwa mutu mwenye kusoma, mu roho yake. Usitoe yako uiweke mu kinywa yangu."

Mbabazi alisema wasomaji watamwona hana uchungu. Mukarukundo akamuuliza kwao ni wapi. Ni Masha, akajibu, kwa wafugaji, ila ng'ombe wa baba yake waliisha kwa ukame. Na baba huyo, Mukarukundo akauliza, aliwataja ng'ombe wake kwa sauti gani?

Mhariri alikumbuka. Mzee alisimama kwenye zizi tupu, kichwa juu, akawasifu wote kwa majigambo hadi ndama wa mwisho. Nyumba nzima ililia siku ile, isipokuwa yeye.

Mbabazi akachukua kalamu, akaanza kufuta "ole wangu" moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho akauliza, kwa unyenyekevu, kama angalau yule aliyempiga teke pasta angeweza kuomba msamaha.

"Hapana," akasema Mukarukundo.