Nilimtafuta kaka yangu kwa modeli ya watoto wa kamba

Wakuu, habari za mchana. Niko Bulyaga, Tukuyu, mvua haijakata tangu asubuhi. Hiki ninachoandika sijakitia chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mimi nimechoka kukaa nacho peke yangu.

Nasomea mambo ya bahari. Najua, Mnyakyusa wa migombani na bahari wapi na wapi!

Kazi yangu ni modeli ya kompyuta. Unaweka nukta baharini, kila nukta ni mtoto wa kamba, wale kamba wa kuliwa, mdogo mno, halafu unaangalia mkondo unampeleka wapi. Wakifika kwenye mikoko ndiko wanakokulia.

Kaka yangu Ambakisye alikuwa anavua kwenye bahari hiyo hiyo ya modeli yangu, karibu na delta ya Rufiji. Mwaka jana boti yao ilipinduka. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana.

Ukoo wetu, mwili usipopatikana tunazika mgomba badala yake. Mama akagoma.

"Siziki mgomba kabla sijajua mwanangu kalala wapi. Wewe si ndiye unajua maji yanakopeleka vitu? Mtafute."

Nikaweka nukta moja pale boti ilipopindukia, siku ile, saa ile. Ikazunguka weee, ikaingia kwenye kijito kimoja cha mikokoni, ikatulia.

Baba mdogo akampigia mwenyekiti wa kijiji cha kule. Baada ya siku mbili ikaja picha. Sweta ya kijani aliyoifuma mama, ile kaka aliyokuwa anavaa akienda kuvua, imetundikwa kwenye tawi la mkoko, vifungo vyote vimefungwa.

Aisee, nikampelekea mama ile picha.

Mama alilia, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana. Jumamosi tukazika mgomba nyumbani kwetu Lupepo, pembeni ya kaburi la baba.

Juzi nimerudi kwenye kazi yangu nikaona kosa.

Watoto wa kamba hawaelei tu. Maji yakijaa wanapanda juu wabebwe kwenda mikokoni, yakipwa wanashuka chini wasirudishwe baharini. Tabia hiyo nilisahau kuizima. Yaani ile nukta ya kaka ilikuwa inajitahidi kufika nchi kavu.

Maiti haijitahidi, wakuu.

Nikaizima, nikaweka nukta elfu moja. Zote zikaenda bahari kuu. Hakuna hata moja iliyokaribia kile kijito.

Sasa sweta ilifikaje? Na nani alifunga vifungo?

Mama sijamwambia. Naogopa kumrudisha kwenye kungoja.

Leo asubuhi kanipigia mwenyewe. "Ule mgomba umechipua. Niufyeke?"

Nikamwambia, "Uache, mama."

Nilichojifunza: usimpe mama jibu ambalo hujalikagua.

Wadau wa huko delta, nisaidieni. Kaka ni mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, akiongea utajua tu ni mtu wa Tukuyu. Ukimwona, andika hapa chini. Hata kama hataki kurudi, mwambie mgomba wake haujakatwa.