Shikamoo ya Mpiga Gitaa

Kisa hiki si cha kutunga. Mtu akitunga hujitungia sifa, na mimi hapa najianika.

Marehemu baba yangu alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki iliyoitwa Jiwe Moto. Alifariki mimi nikiwa tumboni. Picha zake ziliharibiwa na mchwa, na mama hakubakiwa na kanda hata moja. Ndiyo maana kila nikipata nafasi naperuzi blogu za mashabiki wa bendi hiyo. Albamu zao zote tatu ninazo, lakini humo anaimba mtu mwingine, aliyeshika nafasi ya baba. Nilichotaka ni sauti ya baba tu, mama aisikie tena kabla masikio yake hayajazibika kabisa.

Ijumaa moja, tumeshakula pilau, shabiki mmoja wa Pangani akaweka kwenye blogu yake kanda ya mazoezi ya bendi enzi za baba, ambayo haikuwahi kutoka. Nikajilaza mkekani sebuleni hapa Bagamoyo, nikabonyeza. Gitaa likaanza polepole, kisha sauti laini ya kiume. Pazia la mlangoni likawa linajaa upepo na kutulia. Sikuwa nimelala, wallahi.

"Hodi!"

"Karibu."

Akaingia kijana mwembamba, shati la maua, gitaa begani. Hakufika miaka thelathini. Mimi nina arobaini na moja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Wewe ungejibu nini? Akatabasamu, lakini macho yalikuwa na huzuni.

"Zuhura yupo?"

Zuhura ni mama yangu. Kijana yule amwite kwa jina tupu? Nikageuka kumwita mama chumbani. Nilipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Nikashika simu. Chini ya ukurasa ule palikuwa na picha ya bendi. Wa tatu kutoka kushoto ni yeye, na shati lile lile, na jina lililoandikwa ni la baba.

Mama alipotoka nikamweleza. Akakaa chini.

"Umeitikia shikamoo ya baba yako, mwanangu?"

Tangu siku hiyo kanda ile ina gitaa peke yake. Yule shabiki wa Pangani naye anasema kwake sauti imetoweka. Mama ananiuliza kila siku, "Alilitamkaje jina langu?" Nami namsemea sikioni, "Zuhura," na kila siku naona nazidi kukosea.

Basi wewe unayefukua kanda za waliotangulia, mgeni akikuamkia, mtazame uso kwanza. Ningewahi kumwamkia mimi, pengine angekaa mpaka mama atoke.