Mbavu za Gitaa na Meno ya Baba

Mwanangu anatafuna penseli akifanya kazi ya shule. Nikisikia ule mkwaruzo wa meno juu ya mti mkavu, narudi Musaga, mtaa niliokulia, kwenye karakana ya baba, kwenye kosa ambalo sijamsimulia mtu. Nawasimulia ninyi.

Baba alitengeneza magitaa ya korali, zile kwaya za kanisani. Watu walisifia mng'aro wa nje. Yeye alihangaikia mbavu, zile fito nyembamba zinazobandikwa kwa ndani, ambazo hakuna anayeziona. Libuyu ni mti mgumu, mzuri wa shingo, alisema, lakini ukiufanya mbavu, gitaa linanuna. Kwa mbavu alitaka mbao nyepesi ya sipre, iliyokaa miaka darini ikakauka, yenye mistari iliyonyooka. Ukiziacha nene, sauti inabanwa. Ukizipunguza mno, nyuzi zinavuta mpaka tumbo linabonyea, na kwetu wengine walifunga hata waya za breki za baiskeli badala ya nyuzi. Kwa hiyo alipiga randa mara mbili, akauma ncha ya ufito, akagonga ncha ya pili kwa ukucha, akafumba macho. Kisha randa tena, mara moja tu.

Nilidhani ni ufundi. Kumbe baba alikuwa kiziwi. Kwinini ya malaria ilimwachia mvumo mtupu kichwani, akabaki na taya za kupokea mtetemo wa mti na macho ya kusoma midomo. Mama alitufunza: "Ukisema na Papa, simama mbele yake, aone mudomo yako. Ni heshima." Tukaheshimu. Hatukujua kwamba tunatunza siri, wala kwamba siri hiyo ndiyo ilitulisha, kwani nani angeagiza gitaa kwa fundi asiyesikia?

Siku moja alikuja kiongozi wa korali kuagiza magitaa manne. Alimsalimia baba kwa nyuma mara mbili. Baba hakuitika, akaingia ndani kuchukua mbao.

"Papa yako amenikasirikia?" mgeni akaniuliza.

Nilikuwa na miaka minane na kiherehere kimenijaa. "Apana! Papa haskiake na maskio sawa wengine. Ye anasikiaka na meno!"

Baba alikuwa ameshatoka, amesimama nyuma ya mgeni, ufito mkononi. Nikainua uso kabisa, kama tulivyofunzwa, nikarudia maneno yale polepole, ili aone ninavyomsifia.

Mgeni alicheka kidogo, akageuka. "Tutarudia, fundi."

Hawakurudi. Wala wengine hawakuja, maana Musaga habari haifichiki. Baba akawa anachonga mipini ya majembe, na mpini hauumwi wala haugongwi. Sipre ya darini tuliifanya kuni za kupikia maharage. Mama alisema tu, "Ulimi hauna mfupa," akiwa amenipa mgongo. Laiti angenichapa.

Baba hakunigombeza hata mara moja. Ila tangu siku ile, nikisimama mbele yake kumweleza jambo, aliinamisha macho kwenye mpini wake. Nilidhani amechoka, nikaendelea kuongea. Nilimweleza mitihani yangu, nikamweleza habari za mchumba, nikamweleza mimba yangu ya kwanza, yeye akiitikia kwa kichwa na kuendelea kuchonga. Tulikuwa tumeshamzika ndipo nilipoelewa: baba alisikia kwa macho, na macho hayo alikuwa ameninyima tangu nikiwa na miaka minane.