Kifaru Niliyemwogesha

Mama yangu aliuza mitumba katika soko la Gikomba, na katika nyumba yetu ya Makongeni hakuna kitu kilichovuka kizingiti bila kuogeshwa. Shati likitoka kwenye belo lilichemshwa. Viatu vilisuguliwa mpaka soli. Hata redio tuliyonunua kwa fundi ilipanguswa kwa kitambaa chenye dawa. "Hatujui imekuwa ikisikiliza nini huko ilikotoka," alisema mama.

Nayataja haya mapema ili msomaji asinihukumu sana mbele ya safari. Malezi ni malezi.

Chuo kikuu nilisomea wanyama, tena wale wadogo wasiopigwa picha na watalii. Nilianza shahada ya pili, nikaiacha katikati, nikahamia kwenye uandishi wa makala, kazi ambayo mtu anaweza kukosea hesabu ya miguu na gazeti likatoka vilevile. Kilichobaki cha usomi wangu ni darubini ya kukuzia vidudu, niliyoinunua Gikomba, kati ya rundo la pasi na wanasesere wasio na vichwa. Haikuwa na kioo cha kumulikia. Nikaifungia kioo cha kopo la poda la mke wangu, naye hajanisamehe hadi leo. Mtaani wananiita Daktari wa Chawa.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni dereva wa lori, hupeleka saruji na mabati kaskazini, kule kwenye jangwa. Siku moja gurudumu lilipasuka, akainua jiwe la kukingia matairi, na chini yake akakuta kikao. Alirudi na wajumbe kadhaa ndani ya kopo la siagi.

"Niaje, Prof. Nimekuletea wagonjwa."

Walikuwa vifaru. Ndivyo tulivyowaita utotoni, kwa sababu ya ngao zao: kile kidudu cha kijivu, chenye miguu kumi na minne, unachokikuta ukiinua tofali au chungu cha maua. Watu humwita mdudu, lakini hasa ni ndugu wa kaa, aliyeihama bahari zamani na bado anapumua kwa msaada wa unyevu, kama anayeitamani. Kumkuta penye unyevu ni jambo la kawaida. Kumkuta jangwani ni sawa na kumkuta samaki juu ya bati.

Niliwachukua kumi, nikaacha waliobaki kwenye kopo la jirani. Nikawatia kwenye spiriti, nikawaweka chini ya darubini. Dume la kifaru lina vijiungo vidogo chini ya mkia, na wataalamu huzitofautisha jamii zake kwa hivyo, kama fundi cherehani anavyoujua mkono wa mwenzake kwa mshono. Vya huyu havikufanana na mchoro wowote niliokuwa nao. Nikampelekea picha mwalimu wangu wa chuo, mama ambaye sasa amestaafu. Akanipigia.

"Kijana wangu," alisema. Nina miaka hamsini na miwili. "Huyu simjui. Nadhani hakuna anayemjua. Andika maelezo yake kamili. Andika unachokiona, si unachokitarajia. Jumatatu nitawapelekea wenzangu wanaochapisha."

Kueleza kiumbe kipya ni kuandika ili mtu yeyote, nchi yoyote, amchague katikati ya binamu zake na kusema: ndiye. Ukikosea, umemzaa kiumbe asiyekuwepo duniani. Nami nilikuwa na deni jingine. Huyu ndiye mwalimu niliyemwachia tasnifu nusu. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma miaka yote. Safari hii nilitaka nimkabidhi ukurasa mmoja uliokamilika.

Jumamosi mchana ukurasa ulikuwa tayari. Nilimwita jirani nimsomee, kwa heshima ya aliyevumbua. Akakaa, akakunja mikono kama mtu anayesomewa wosia.

"'Mgongo laini, unaong'aa,'" nilisoma, "'wenye rangi ya kijivu...'"

"Simama hapo. Huyo ni nani?"

"Ni kifaru wako."

"Wangu? Zii! Wangu hakuwa anang'aa. Wangu alikuwa amevaa udongo, msee. Kama ukuta wa nyumba ya ushago, kule kijijini. Huyo umemtoa wapi, saluni?"

Nilitazama mezani. Kando ya darubini palikuwa na ushahidi: bakuli la maji, kipande cha sabuni na mswaki wa mtoto, ule laini kabisa. Wote kumi nilikuwa nimewasugua mmoja mmoja kabla ya kuwatazama, tena nikipiga mluzi. Walikuwa wametoka nje. Walikuwa wachafu. Haikunipitia akilini kwamba kuna swali la kuuliza.

"Uliwaosha," jirani alisema polepole. "Prof. Uliosha wadudu."

"Si wadudu hasa. Ni ndugu wa—"

"Uliosha ndugu wa kaa!"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatoka mbio na kurudi na kopo lake. Lilikuwa juu ya televisheni yake muda wote huo, lina mchanga, kitambaa chenye maji na maganda ya viazi. "Mama watoto ameshasema nichague, yeye au hawa."

Tulilifungua mezani. Watatu walitoka wakitembea, kila mmoja amejipaka koti la udongo, kahawia, lenye mikunjo. Nililipuliza, halikutoka. Nikamweka mmoja chini ya darubini, na hapo nikaona kinacholishika: safu za vinyweleo vifupi vilivyokamata vumbi kama zulia. Vinyweleo hivyo nilikuwa nimeviona pia kwa wale kumi. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika: "masalia ya mswaki."

Ilibidi nimpigie mwalimu. Nilikiri kila kitu.

"Ulimwogesha," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa sabuni?"

"Kidogo tu."

Nikajua ukurasa wangu umekwenda njia ya tasnifu. Kisha nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni kikohozi, kumbe mama wa watu alikuwa akicheka, amekosa pumzi.

"Umegundua koti lake kwa kulivua," alisema. "Wengine wangelipita tu. Wale kumi usiwatupe, wanaonyesha vinyweleo vizuri. Andika upya. Jumatatu ni ileile."

Niliandika alasiri yote, jirani akiwa mlinzi wa vifaru watatu wasianguke mezani. Jioni nilimsomea tena: mgongo wenye vinyweleo, uliofunikwa kwa tabaka la udongo lisilotoka kwa kupulizwa. Alifumba macho akisikiliza.

"Huyo sasa ni wetu," alisema.

Mke wangu akaingia na chai. Akauona udongo umetapakaa kwenye kitambaa cha meza, akaweka sinia chini na kunyoosha mkono kuchukua tambara, bila kufikiri, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Usipanguse!" tulipiga kelele pamoja, wanaume wawili wazima.

Alitutazama. Akaitazama meza. Akavuta kiti, akakaa.

"Haya," alisema. "Nisomeeni na mimi."